Hidrojeni ya Nani?

Swali liliulizwa na msichana wa Kidato cha Kwanza, siku ya Jumanne, katika maabara ambayo mabati yake hulia kila jua la Voi linapopanda. Tulikuwa kwenye mada ya maji na hidrojeni. Nimeifundisha mada hiyo miaka 31, na mara nyingi nimeifikia wakati wa kiangazi, tenki likiwa limebaki na tope na kila darasa lina zamu yake ya kwenda kuteka.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Unatia vipande vya zinki ndani ya chupa, unamimina asidi iliyozimuliwa, unadondosha chembe ya mrututu ili mambo yaende haraka, na povu linaanza kupanda. Gesi unaikinga kwenye neli ya kioo iliyofudikizwa ndani ya beseni la maji. Huoni kitu kikiingia. Unachoona ni maji yakishuka. Ukiinua neli na kusogeza kijiti kinachowaka mdomoni mwake, inalia pap! Watoto wanapiga makofi, wanataka tena.

Baada ya hapo linakuja lile ninalolipenda mimi. Gesi inapitishwa kwenye kemikali ya kunyonya unyevu mpaka ikauke kabisa, inatoka kwenye ncha nyembamba ya kioo, inawashwa. Mwali wake mchana ni shida kuuona. Unaujua kwa joto. Juu ya mwali huo nashika bilauri kavu, iliyopozwa, niliyoifuta kwa kitambaa mbele yao ili asiwepo wa kusema ilikuwa na maji. Baada ya muda mfupi kioo kinaota ukungu. Ukungu unajikusanya, unakuwa tone, tone linateleza.

"Hayo ni maji," nikawaambia. "Hayakuwepo. Hidrojeni imeshikana na oksijeni mbele ya macho yenu."

Msichana mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono. "Mwalimu, na hayo maji yakivunjwa tena, hidrojeni inarudi ile ile?"

"Ile ile."

"Haichakai?"

"Haichakai."

Akafikiri. "Basi mtu akifa, maji yake yanatoka mwilini, yanakuwa mawingu, yananyesha, mwingine anayanywa. Siku ya kiyama, ile hidrojeni ni ya nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kengele ikagongwa, wakatoka wakisukumana. Baadaye mwalimu wa darasa aliniambia kwamba mtoto yule alikuwa amezika babake mwezi uliotangulia. Siku ile sikumjibu. Nimestaafu sasa, na swali lake bado ninalo.

Nianze na kitu chenyewe, kwa sababu naona wengi wanaozungumzia roho na mwili hawajawahi kuutazama mwili umeundwa na nini. Hidrojeni ni elementi ya kwanza katika orodha yote, na sifa yake kuu ni ufukara. Kiini chake, kwa kawaida, ni protoni moja peke yake. Nje ya kiini kuna elektroni moja. Basi. Huwezi kupunguza ukabaki na elementi yoyote. Ikiwa gesi, haina rangi, haina harufu, haina ladha, na ni nyepesi kuliko gesi zote: lita moja ina uzito wa gramu 0.09 hivi, ambapo hewa tunayovuta ni nzito mara 14 zaidi. Ili ikubali kuwa kimiminika lazima uishushe joto hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Mwingereza Henry Cavendish aliichunguza mwaka 1766 akaiita hewa iwakayo. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, mwaka 1783, alihakikisha kwamba inapoungua hutoa maji, na baadaye akaipa jina la Kigiriki ambalo kwa lugha yetu tungesema mzaa-maji. Napenda jina hilo. Ni jina la mama.

Ukali wake nao naujua. Mwaka wa pili wa kufundisha niliwasha ile ncha ya kioo kabla hewa haijatoka yote chupani. Hidrojeni ikiwa peke yake huwaka kwa utulivu. Ikichanganyika na hewa, kuanzia sehemu 4 hadi 75 katika kila 100, inalipuka. Chupa ilipasuka, kipande kikanichana kifundo cha mkono wa kushoto, na kovu lipo hadi leo. Hakuumia mwanafunzi hata mmoja, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikiliona. Kosa lilikuwa langu: sikungoja.

Sasa chukua mtungi wa lita 20, ile mitungi ya manjano inayopangwa kwenye mkokoteni mitaani Voi. Maji yake yana uzito wa kilo 20. Humo ndani oksijeni ni karibu kilo 18, na hidrojeni ni kilo mbili na ushei. Kilo mbili tu, lakini kwa kila atomi moja ya oksijeni kuna mbili za hidrojeni, na lau ungeiachilia yote iwe gesi ingejaza chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita tatu. Niliwahi kuwapimia wanafunzi ukubwa huo kwa kamba, uani. Walisimama ndani ya ile kamba wakitazama juu kana kwamba kuna paa.

Mtu naye ni mtungi wa namna hiyo. Ukimpima kwa uzito, sehemu yake moja katika kila kumi ni hidrojeni. Ukihesabu atomi moja moja, zaidi ya nusu ya mtu ni hidrojeni. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa sahihi kuuliza hapo, wala hakuuliza juu ya kidole au nywele. Aliuliza juu ya sehemu kubwa ya babake.

Nyanya yangu aliishi Werugha, juu Dawida katika milima ya Taita, mahali ambapo asubuhi ukungu hutoka msitu wa Ngangao na kuingia jikoni bila hodi. Alikuwa Mkristo wa kubatizwa, na alikuwa akitasa. Kwa asiyejua: kutasa ni sala yetu ya zamani. Mzee huchukua funda la maji, au pombe ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu, akasema maneno, akapuliza tena. Shabaha yake ni kutoa kinyongo moyoni, kwa kuwa Wadawida waliamini hasira iliyofichwa na ndugu inaweza kukudhuru hata kama haijasemwa. Siku niliyoondoka kwenda chuo cha ualimu alinisimamisha nje ya nyumba, akanywa kutoka kwenye kibuyu, akanipulizia usoni na kifuani. Akasema kwamba kama aliwahi kunikasirikia kwa lolote, ametema. Manyunyu yale yalikuwa ya baridi, na yalinukia kibuyu. Nilikuwa na blauzi mpya na nilichukia kidogo kulowa. Naikumbuka hata vifungo vyake.

Miaka mingi baadaye nilifanya hesabu. Funda moja la maji, tuseme gramu 18, lina molekuli nyingi kiasi kwamba idadi yake inazidi idadi ya mafunda yote yaliyomo katika bahari zote za dunia. Yaani funda alilonipulizia nyanya likipewa muda wa kutosha kuzunguka, likapanda mawinguni na kuchanganyika na bahari sawasawa, kila atakayeteka funda popote duniani atapata molekuli kadhaa zilizopita kinywani mwa bibi kizee mmoja wa Werugha. Nilipoimaliza hesabu hiyo niliweka kalamu chini nikatoka nje.

Lakini hapo hapo pana mtego, na ilinichukua muda kuuona. Nasema "molekuli za nyanya" kana kwamba zilikuwa zake. Zilikuwa zake kwa muda gani? George de Hevesy, mwanakemia aliyezaliwa Hungary, mwaka 1934 alitumia maji mazito kupima jambo hili. Maji mazito yana ile hidrojeni adimu ambayo kiini chake kina nyutroni moja ya ziada, iliyogunduliwa na Harold Urey mwaka 1931. Kwa hiyo unaweza kuyafuata yakiingia mwilini na yakitoka. Leo tunajua kwamba nusu ya maji ya mwili hubadilika ndani ya siku kumi hivi. Nyanya aliyenipulizia Januari, kufikia Pasaka maji yake karibu yote yalikuwa mengine. Alikuwa hai, analima, anaimba, na hidrojeni ya Januari ilishaondoka. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyesema nyanya amekufa.

Kuna zaidi. Hata ndani ya bilauri iliyotulia mezani, hidrojeni haikai na oksijeni yake. Protoni zinaruka kutoka molekuli hadi molekuli, na katika maji ya kawaida molekuli moja haimalizi sekunde nzima ikiwa na hidrojeni zake zile zile. Wanafunzi wangu walizoea kuchora maji kama mama aliyeshika watoto wawili mikono. Nilikuwa nikiwaambia mchoro ni sawa, ila watoto hao wanahama nyumba usiku na mchana, na hakuna nyumba inayobaki tupu.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao kuhusu nini cha mtu kibaki. Baada ya mazishi, mwili ukishaoza, walifukua fuvu na kulipeleka pangoni, likapangwa na mafuvu ya ukoo. Wamisionari walipokuja, Joseph Wray wa CMS akitangulia Sagalla mwaka 1883, desturi hiyo ilianza kufifia, lakini mapango yapo. Niliwahi kupelekwa kwenye moja nikiwa msichana. Ni mwamba ulioinama, chini yake vumbi kavu, na mafuvu yametazama nje, upande wa mashamba, kama watu waliokaa barazani. Sikuogopa. Aliyenipeleka alinionyesha moja akasema, huyu ni baba wa babu yako, msalimie. Nikamsalimia.

Nikiwa mwalimu wa kemia nilitambua jambo moja ambalo hao wazee hawangeweza kulijua. Ugumu wa fuvu hutokana na kalsiamu na fosforasi, na elementi hizo zilipikwa ndani ya nyota, nyota zikafa zikazimwaga. Hidrojeni haikupikwa na nyota yoyote. Viini vyake vilitokea mwanzoni kabisa mwa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, kabla hakujakuwa na nyota hata moja. Kwa maana hiyo kilichohifadhiwa pangoni ndicho kipya, na kile kilichovukia kikaenda zake bila mtu kukishika ndicho kikongwe. Jua linalotuunguza Voi linakula hidrojeni hiyo hiyo, tani milioni 600 hivi kila sekunde, likiigeuza kuwa heliamu. Tunaishi kwa kuungua kwa kitu cha kwanza.

Wakati wa ukame wa 2022 nilikuwa nikipita barabara ya Taveta, nikaona tembo aliyekufa si mbali na lami. Alikuwa amekaa siku nyingi. Ngozi ilikuwa imelala juu ya mbavu kama turubai lililoangukia fito, na mnyama aliyekuwa mkubwa kuliko matatu tuliyopanda alikuwa amebaki kimo cha kiuno cha mtu. Fisi walishapita, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya tembo yule haikuliwa na yeyote. Ilipanda juu. Abiria aliyekaa karibu nami alisema, "Amekwisha." Nikatazama anga lililokuwa jeupe kwa joto nikawaza kwamba yuko humo.

Basi hidrojeni ni ya nani? Swali hili si jipya. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo, alihangaika nalo katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu. Yeye aliuliza juu ya nyama: mtu akila nyama ya mtu kwa sababu ya njaa, siku ya ufufuo nyama hiyo itakuwa ya nani? Akajibu kwamba itarudi kwa yule wa kwanza, kama kitu kilichoazimwa. Lilikuwa jibu la mtu mwenye moyo wa haki, na kwa nyama huenda linasaidia. Kwa hidrojeni linaanguka. Nani wa kwanza? Kabla ya babake yule mtoto ilikuwa ya mbuzi, kabla ya mbuzi ilikuwa ya wingu, kabla ya wingu ilikuwa ya watu ambao majina yao hayajulikani hata kwa mafuvu. Nyingine haimo tena duniani: kilo tatu hivi za hidrojeni hutoroka kutoka juu ya angahewa letu kila sekunde na kupotelea angani, kwa wepesi wake tu.

Nililipeleka swali kwa jirani yangu, mwalimu wa madrasa. Tuna mazoea ya kuketi jioni akishamaliza kusomesha.

"Maalim, kwenu mnasemaje? Mwili ukiisha kabisa, Mungu anaanzia wapi?"

"Anaanzia kwenye kifandugu, Mwalimu. Tumefundishwa kwamba mwanadamu huoza wote isipokuwa hapo, na kutoka hapo ataundwa tena."

"Kifandugu ni mfupa mdogo sana."

"Naam. Kwani Yeye anahitaji kikubwa?"

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Mchungaji mmoja niliyemuuliza baadaye aliniambia kwamba maswali ya namna hiyo yanadhoofisha imani na ni vyema niyaache. Namheshimu, lakini hapo hatukubaliani. Imani yangu haikudhoofishwa na swali la mtoto aliyefiwa. Ilidhoofishwa na mimi kunyamaza.

Leo ningemjibu hivi. Kwanza ningemwambia jambo ambalo fizikia inalijua kwa uhakika na ambalo mimi mwenyewe nililiona gumu kuamini: hidrojeni haina alama. Ukichukua mbili za aina moja, zilizo katika hali moja, hazitofautiani kwa lolote. Si kwamba tofauti ni ndogo mno kwa macho yetu. Haipo. Ukizibadilisha mahali, ulimwengu unabaki ule ule kabisa. Mabadilishano hayo hayahesabiwi kuwa tukio. Kwa hiyo hakuna hidrojeni "ya" baba yako iliyopotea, na hakuna ambayo Mungu lazima aisake kwenye mito na matumbo ya watu ndipo amrudishe. Kusema "ile ile" kuhusu hidrojeni ni kusema neno lisilo na kitu ndani. Siku ile nilikujibu "ile ile" mara moja, bila kufikiri, na nilikosea.

Halafu ningempeleka Mto Voi. Unashuka kutoka milima ya Taita, unapita mjini, unaingia Tsavo, na miezi mingi ya mwaka hapa chini ni mchanga mtupu. Watu huchimba visima humo, mbuzi hulala humo, watoto hucheza mpira. Hakuna hata mmoja asemaye mto umehama au umekufa. Ukimuuliza mzee unapita wapi, atakuonyesha kwa mkono ulionyooka, na mvua ikinyesha Dawida maji mengine kabisa yatakuja kwa njia ile ile, kwa kelele ile ile, nasi tutasema mto umerudi.

Naogopa mfano huo kidogo. Unaweza kumfanya mtu adhani kwamba mwili ni njia tu, haujalishi, na kwamba kilicho muhimu kiko mahali pengine pasafi. Siamini hivyo. Kanisani nakiri kwamba mwili utafufuka, na nakiri kwa maana, kwa sababu nyanya hakuwa wazo. Alikuwa na kidole gumba kilichopinda kwa jembe, na njia yake ya kukaza midomo kabla ya kupuliza. Nadhani mwili ndio hivyo: namna fulani, moja tu, ambayo maji yasiyo ya mtu yalishikwa pamoja miaka 80 na kufanywa mtu wa kupendwa. Maji hayakuijua namna hiyo. Mfupa pangoni unaikumbuka kidogo, umbo la uso tu. Naamini Mungu anaikumbuka yote, hadi kidole gumba, na kwamba kukumbuka Kwake kuna nguvu ya kuumba. Zaidi ya hapo sina ushahidi wa kuweka mezani, na sitajifanya ninao.

Ningetaka kumwambia haya ana kwa ana. Alimaliza shule, akaondoka, sijui aliko.

Aprili iliyopita nilipanda matatu hadi Mwatate, na nyingine ya Wundanyi, ile barabara ya kona inayokuziba masikio. Voi niliacha jua kali. Werugha nilikuta mti usioonekana kutoka mti wa pili. Kaburi la nyanya liko chini ya nyumba ya zamani, na msalaba wa simenti umeota kuvu. Nilikuwa na chupa ya maji niliyoyateka nyumbani Voi. Sijawahi kutasa maishani mwangu, na sikuwa na mzee wa kunielekeza. Nilichukua funda, nikataja jina lake, nikasema kwamba kuhusu ile blauzi nimetema, nikapuliza. Manyunyu yaliingia kwenye ukungu, na hatua moja mbele yangu sikuweza tena kuona yapi ni yapi.